Chaki Isiyo na Ufunguo

Karakana ya jua kali, Kitale, kando ya barabara ya kwenda Kiminini. Saa nne na nusu asubuhi. Stima imepotea nusu saa iliyopita, na Fundi na vijana wake wamekwenda kunywa chai. Katikati ya karakana ipo leithi ya zamani yenye chaki ya taya tatu. Kando yake, juu ya tairi la trakta, imeketi chaki mpya iliyofika jana kwa pikapu kutoka Bungoma. Miwani ya kazi inaning'inia kwenye msumari, na vumbi lake halijaguswa tangu msumari upigiliwe.

CHAKI MPYA: Mulembe, wazee wangu.

CHAKI MZEE: Mulembe, mwanangu. Karibu Kitale. Umelalaje?

CHAKI MPYA: Vibaya, Kuka. Mimi si wa kulazwa kwenye tairi. Mimi ni chaki ya haidroliki, inchi 10, kilo karibu 40. Mimi nilizinduliwa.

UFUNGUO: Ulifanywa nini?

CHAKI MPYA: Nilizinduliwa! Chuoni, kule Bungoma. Utepe mwekundu, makasi juu ya sinia, hema tatu, kwaya mbili. Mheshimiwa aliyeahidi kufika saa nne alifika saa nane, akanipapasa shavu, akasema vijana wetu sasa watashindana na Ujerumani.

UFUNGUO: Na ulishika chuma gani siku hiyo?

CHAKI MPYA: Sikushika. Nilishikwa, nikapigwa picha.

UFUNGUO: Na siku ya pili?

CHAKI MPYA: Siku ya pili nilifunikwa turubai. Halafu wakanipeleka stoo. Karani akauliza, hii ni nini? Wakamwambia, ni chaki. Akaandika kitabuni, "Chaki, moja," akaniweka rafu ya vifaa vya darasani.

MIWANI: Pamoja na chaki za ubao?

CHAKI MPYA: Katikati yao. Nyeupe kulia, za rangi kushoto. Mwalimu wa hisabati alipokuja kuomba chaki, karani akamwonea huruma: "Chukua hii, mwalimu, hii haitaisha upesi." Akamwambia atie sahihi. Mwalimu akauliza mbona ni nzito. Karani akasema za siku hizi zinatoka ng'ambo.

MIWANI: Na mwalimu?

CHAKI MPYA: Alitia sahihi. Kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu cha stoo, mimi nimeshatumika kuandika ubaoni, nikaisha.

CHAKI MZEE: Pole, mwanangu. Mimi sikuzinduliwa. Nilikuja na leithi hii katika shamba la mzungu, enzi za mzigo kufika Kitale kwa gari la moshi. Mzungu akaondoka, nikauzwa pamoja na plau na tangi la maji. Tangu hapo nimeshika shafti za vinu vya posho, pini za trakta, bushi za mashine za kupukuchua mahindi. Juzi niliishika rola ya kinu cha sukari guru kutoka Kimilili hadi taya zikaniuma.

CHAKI MPYA: Hongera. Lakini, Kuka, wewe unakazwa kwa mkono! Fundi anakuzungusha kwa ufunguo kama anayefungua kopo la kimbo. Mimi sina ufunguo. Fundi anakanyaga pedali, mafuta yenye presha yanasukuma pistoni nyuma ya mashine, pistoni inavuta bomba lililopita ndani ya shafti kuu, taya zangu zinafumba. Sekunde moja.

UFUNGUO: Kijana, nikuulize. Fundi akinizungusha mimi, nani anajua kama chuma kimeshikwa?

CHAKI MPYA: Fundi.

UFUNGUO: Anajuaje?

CHAKI MPYA: Anahisi.

UFUNGUO: Mkono wake unahisi. Ndani ya mzee huyu kuna bamba lenye mfereji uliojizungusha kama dawa ya mbu. Nikizunguka, mfereji unazisukuma taya tatu kwa pamoja, na uzito wa chuma unapanda kupitia kwangu mpaka kiganjani mwa Fundi. Sasa, Fundi akikanyaga pedali yako, mguu wake unahisi nini?

CHAKI MPYA: Pedali.

UFUNGUO: Basi. Mguu unahisi pedali, na kiatu kikiwa sandali za tairi, hata pedali hauihisi vizuri.

CHAKI MPYA: Kuna saa ya presha! Inaonyesha.

UFUNGUO: Inaonyesha presha ya mafuta. Haionyeshi mshiko. Taya zako zinasafiri umbali gani?

CHAKI MPYA: Milimita chache tu.

UFUNGUO: Chache tu. Fundi akizipanga vibaya, pistoni itafika mwisho wa safari yake kabla taya hazijagusa chuma sawasawa. Saa itasoma presha kamili, mshale umesimama kama askari wa gwaride, na chuma hakijashikwa na mtu. Ndiyo maana taya hupangwa zikamate katikati ya safari yake. Hayo ulifundishwa hemani?

CHAKI MPYA: Hemani kulikuwa na kwaya.

(Upepo unaingiza karatasi yenye mafuta na maganda mawili ya njugu.)

UKURASA: Samahanini. Nimesikia mtu akitaja taya.

MIWANI: Wewe ni nani?

UKURASA: Mimi ni ukurasa wa 14 wa kitabu cha maelezo cha huyu bwana hapo juu ya tairi. Tuliuzwa kwa kilo pamoja na magazeti makuukuu. Nimefungia njugu za shilingi 20 pale Kamukuywa. Mnunuzi alikuwa dereva wa ile pikapu.

CHAKI MPYA: Ndugu yangu! Kwa hiyo tumesafiri gari moja?

UKURASA: Wewe nyuma, mimi mfukoni mwa dereva. Nisome?

UFUNGUO: Soma, mwanangu. Wewe ndiye mheshimiwa tuliyekuwa tukimngoja.

UKURASA: "Kabla ya kufunga chaki, zima umeme mkuu na ufunge swichi kwa kufuli. Inua chaki kwa winchi na pete yake ya kuinulia, usiibebe kwa mikono. Safisha pua ya shafti na mgongo wa chaki, kwa maana hata chembe moja ya chuma ikibaki katikati, chaki itakaa upande. Kaza bolti kwa kuvuka, ya kwanza kisha ya ng'ambo yake, kwa spana ya kupimia nguvu, hadi kufikia..."

MIWANI: Hadi kufikia?

UKURASA: Hapo kuna doa la mafuta ya njugu.

MIWANI: Ruka. Endelea.

UKURASA: "Usizidishe presha ya..." doa. "Kasi ya mwisho ya chaki hii ni mizunguko..." hapo ganda limetoboa. "Tia grisi kila baada ya saa..." hapo dereva alipangusia kidole.

CHAKI MZEE: Kwa hiyo kitabu kizima kimebaki, isipokuwa tarakimu.

UKURASA: Na mstari wa mwisho, wenye herufi nene. Unasema, "Kamwe usi..."

MIWANI: Usi nini?

UKURASA: Ndipo nilipochanwa.

CHAKI MPYA: Kamwe usichelewe?

MIWANI: Kamwe usisahau miwani!

CHAKI MZEE: Kamwe usikope.

CHAKI MPYA: Kamwe usizindue?

UFUNGUO: Hilo nalo lingefaa. Lakini tarakimu ya kasi haikuhitaji ukurasa. Kijana, chaki kama wewe huandikwa kasi yake ya mwisho usoni, ikachongwa kwenye chuma chenyewe. Yako iko wapi?

CHAKI MPYA: Ilikuwa hapa. Siku moja kabla ya sherehe wakanipaka rangi ya buluu, nipendeze kwenye picha.

UFUNGUO: (kwa utaratibu) Wakapaka rangi juu ya namba inayolinda roho ya mtu.

CHAKI MPYA: Walipaka mara mbili. Ya kwanza haikung'aa.

UFUNGUO: Sikiliza basi, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekuambia. Ukizunguka, taya zako zinatupwa nje, kama mtoto anavyozungusha ndoo ya maji. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuzitupa nje inaongezeka mara nne. Na wewe unashika kwa kubana kwenda ndani. Kwa hiyo kila unavyokimbia ndivyo mshiko unavyolegea, na ukifungiwa taya ndefu au nzito unalegea zaidi. Ukikosa grisi, presha inaliwa na msuguano kabla haijafika kwenye chuma. Mtu amesimama mbele yako anaona saa ya presha imetulia, anaongeza kasi, na chuma cha kilo tano kinaaga.

CHAKI MZEE: Nami hulegea pia nikikimbizwa sana.

UFUNGUO: Naam, Mzee, ila udhaifu wako Fundi amelala nao miaka 30. Anajua ukilalamika unalalamikaje. Huyu mgeni hana anayemjua, na ana nguvu kuliko karakana nzima. Kwani amekuja hapa kufanya nini?

CHAKI MPYA: Chuo kiliniondoa kwenye orodha, si unakumbuka niliisha ubaoni? Fundi akaninunua. Anataka kunifunga kwenye leithi hii.

MIWANI: Na silinda yako ya mafuta? Na pampu?

CHAKI MPYA: Zilibaki Bungoma. Karani aliandika silinda ni mtungi wa gesi, imepelekwa jikoni. Lakini Fundi amesema si neno. Atatumia jeki ya lori na bomba la maji.

(Kimya. Hata upepo unasimama.)

UKURASA: Nadhani sasa najua "Kamwe usi..." iliishia wapi.

UFUNGUO: Jeki ya lori! Silinda yako huzunguka pamoja na shafti huku mafuta yakiingia na kutoka, na ndani yake kuna vali zinazozuia presha isikimbie ghafla pampu ikizimika, ili mashine ipate muda wa kusimama. Mashine iliyofungwa vizuri hukataa hata kuzunguka presha ikiwa chini. Jeki ya lori iliundwa isimame chini ya lori, itulie. Atafunga nini kwa nini?

CHAKI MZEE: Usimlaumu sana Fundi. Anatafuta riziki.

UFUNGUO: Simlaumu peke yake. Nawalaumu waliomuuzia ndoto. Nchi hii inapenda utepe kuliko bolti! Mwaka 1986 ikatoka amri tuunde gari, mwaka 1990 Nyayo Pioneer likazinduliwa, watu wakapiga makofi, na kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikuonekana. Wale waliochonga vipuri vyake walikuwa mafundi kwelikweli. Tuliwakosesha siku ya pili. Siku zote tunakosa siku ya pili!

CHAKI MPYA: Lakini vijana wa vyuo walishindana Nairobi mwaka 2014, kwa mashine za leithi, chini ya Africa Tech Challenge.

UFUNGUO: Walishindana, na wakafanya vizuri. Kwa nini? Walifunzwa kwanza, wakashindana baadaye. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Wewe umetoka Bungoma. Kijana wa Kibukusu akitaka kutahiriwa Agosti ya mwaka wa shufwa, hufanyaje?

CHAKI MPYA: Hupiga kengele za chinyimba, huzunguka kwa jamaa kuwaalika, huenda kwa mjomba.

UFUNGUO: Halafu?

CHAKI MPYA: Husimama asubuhi bila kupepesa jicho.

UFUNGUO: Na baadaye?

CHAKI MPYA: Hukaa na wazee, hupewa wosia.

UFUNGUO: Basi, wewe ulipigiwa chinyimba mpaka Webuye ikasikia, wosia ukafungiwa njugu. Na sheria ipo! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mashine ya hatari ikingwe, na anayeiendesha awe amefunzwa au awe chini ya macho ya anayejua. Mwaka uleule ikapita ile ya fidia kwa wanaoumia kazini. Zote mbili hazikusema "isipokuwa jua kali." Kidole cha Kitale ni kidole. Mnanunua mashine ya mamilioni, mnashindwa kumnunulia kijana wiki mbili za mafunzo! Mnapaka rangi juu ya namba! Mnamtuma mtoto wa watu mbele ya chuma kinachozunguka, amevaa glavu na shati la mikono mirefu, halafu akipoteza mkono mnachanga harambee na kusema ni bahati mbaya. Bahati haina kosa hapo. Ni ninyi!

MIWANI: Ufunguo, unatetemeka.

UFUNGUO: Natetemeka kwa sababu najijua. Katika karakana hii aliyewahi kumuumiza mtu ni mimi. Niliachwa ndani ya chaki, mashine ikawashwa, nikaruka. Ukutani kwenye bati kuna shimo langu, na kabla ya bati nilipita begani mwa mtu. Tangu siku hiyo najua kanuni moja: mkono ukiniachia, niwe nimeshatoka. Sentensi moja tu, haihitaji ukurasa wa 14.

CHAKI MZEE: (kwa sauti ndogo) Ufunguo.

UFUNGUO: Naam, Mzee.

CHAKI MZEE: Uko wapi sasa?

UFUNGUO: Niko...

MIWANI: Uko ndani yake. Walipokuwa wanakaza, stima ikapotea. Fundi akasema, twendeni chai.

UKURASA: Na swichi?

MIWANI: Haikuzimwa. Ile swichi inayojikata stima ikipotea ilikuwa inasumbua, mwezi jana Fundi akaunganisha waya moja kwa moja.

CHAKI MPYA: Kwa hiyo stima ikirudi...

(Balbu ya darini inawaka rangi ya chungwa, inafifia, inazimika. Chaki Mzee amezunguka robo. Ufunguo ulikuwa juu, sasa unatazama mlangoni. Kijana wa atachimenti anaingia akiwa na mandazi mkononi, anainama mbele ya leithi.)

UFUNGUO: Anatafuta nini?

MIWANI: Simu yake.

UFUNGUO: Mwambieni aondoke! Mwambieni azime swichi!

CHAKI MZEE: Sisi ni vyuma, Ufunguo. Hatusikiki.

UFUNGUO: Ukurasa, wewe una maandishi! Pepea mbele yake!

(Ukurasa unapepea mpaka miguuni pa kijana. Anauokota, anautazama, anapangusia mafuta ya mandazi, anautupa. Anaendelea kutafuta.)