Ukitaka Kuchonga Sanamu za Hadhara Ukiwa Mkula

Kwanza, ndugu yangu, achana na magogo. Milima ya Udzungwa iko mgongoni mwako na mikono yako imezoea kuchonga vinu na michi, lakini msitu ule ni hifadhi ya taifa tangu 1992. Sanamu yako ya kwanza isije ikawa kielelezo mahakamani.

Shaba? Yule Askari wa Posta, Dar es Salaam, alimiminwa kwenye kalibu huko Uingereza, akaletwa kwa meli na kusimamishwa 1927. Wewe ukiipata shaba, wanunuzi wa vyuma chakavu watakujua kabla ya wapenda sanaa. Tumia nondo, wavu wa kuku na simenti.

Sasa umchonge nani? Rowan Gillespie wa Ireland alichonga watu waliokondeana kwa njaa iliyoikumba nchi yake karne ya 19, akawapanga kando ya mto jijini Dublin mwaka 1997, na wageni huenda kuwatazama. Wewe ukiwapanga wenye njaa kando ya barabara ya Kidatu–Ifakara, mtendaji wa kijiji atakuita ueleze umetumwa na nani. Chonga kiongozi. Anza na tumbo, koti na kidole kilichonyooka, maana hivyo havina mwenyewe. Kichwa kiwe cha kufungua kwa spana. Nina sababu. Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam. Waingereza walipouteka mji 1916 wakamng'oa. Akaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakamwangusha 1968. Kichwa cha kubadilisha kingemwokoa.

Umaarufu usiuhesabie. Aliyemchonga Askari ni James Alexander Stevenson. Hebu muulize kondakta yeyote wa daladala la Posta. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyeufanya Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962, mama akimwinua mtoto juu. Watu humpiga picha mama, na mtoto, na wao wenyewe.

Kuhusu malipo, chukua nusu kabla hujachanganya simenti. Nusu ya pili utaahidiwa siku ya uzinduzi, mbele ya ngoma na maturubai, kwa hiyo hesabu kwamba haipo. Na vinu usiache kuchonga: mnunuzi wa kinu hulipa papo hapo.