Sifa za Kibanda Umiza

Uwanja wa Benjamin Mkapa umesifiwa tangu ulipofunguliwa mwaka 2007, nao unastahili. Una viti 60,000, na siku ya Simba na Yanga ukijaa, hata asiyejua mpira anasisimka. Lakini kibanda umiza nani amewahi kukisifu? Chumba cha mabati, runinga moja, mabenchi ya mbao yasiyo na pa kuegemea, na feni inayozunguka kwa kujitolea. Chumba hicho kimetubeba miaka yote ambayo vyuma vimekaza, na hakijawahi kuita waandishi wa habari ili kijisifu. Leo nakisifu mimi, mteja wake wa kudumu wa benchi la tatu upande wa ukutani.

Tuanze na jina. Biashara nyingi humficha mteja maumivu mpaka amalize kulipa. Hiki kimeyaweka kwenye jina. Kinaumiza mgongo, kwa sababu ya benchi. Kinaumiza shingo, kwa sababu mbele yako huwa amekaa jamaa mrefu mwenye kofia, na ukimwomba aivue anakuonyesha kipara kinachong'aa kuliko runinga. Kinaumiza masikio na pua pia, ila ya pua tuyaache. Hakuna mtu aliyewahi kutoka mle akalalamika kwamba hakuambiwa.

Sasa fedha, maana ndizo zilizonifikisha hapo. Zamani nilikuwa mtu wa mzunguko, tena wa kuwahi. Mechi ni jioni, mimi saa sita mchana niko kwenye foleni. Kisha mambo yakaanza kupanda moja moja, kwa adabu, kama wageni wa msibani. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei za mafuta, na Agosti 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410. Nauli ya daladala kwa kilomita 10 za mwanzo ilikuwa 400. Mei 2022 ikawa 500. Desemba 2023 ikawa 600. Dakika za mpira zikabaki zilezile 90.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya mechi moja kubwa. Kiingilio cha mzunguko tuseme elfu tano. Kwetu hadi uwanjani ni magari mawili, 1,200. Maji na karanga 1,500, maana ndani ya geti chupa ya maji hupata cheo. Chipsi za kutulizia njaa 3,000. Mechi ikiisha usiku daladala zinagombaniwa kama mpira wa kona, kwa hiyo bodaboda, 6,000 baada ya kubembelezana. Jumla 16,700, na hapo nimekwenda peke yangu kama mwizi. Nikiwachukua vijana wangu wawili, ambao nao wanadai jezi, na jezi halisi bei yake inanunua kilo kumi za mchele na chenji inabaki, itabidi nipitie kwa wale wa mikopo ya kausha damu kabla ya kupita getini.

Kibandani nilikuwa nalipa 500. Nauli sifuri, kwa sababu ni nyumba ya saba kutoka kwangu. Mavazi ni bukta, kandambili na jezi ya misimu mitatu iliyopita yenye jina la mchezaji ambaye siku hizi anatufunga akiwa timu nyingine. Hakuna anayekuuliza kadi wala anayekupapasa mifukoni, na mifuko yenyewe ingempapasa yeye kwa huruma.

Kuna na karama ambazo uwanjani hazipatikani kwa bei yoyote. Ving'amuzi haviendi sawa. Cha jirani kinatangulia chetu kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo mshambuliaji wetu akiwa bado anatuliza mpira katikati ya uwanja, kutoka upande wa pili wa barabara tunasikia watu wanalipuka. Tunajua. Tunakaa kimya, tumeshika mabenchi, tunamwangalia kipa wa watu akijiandaa kwa jambo ambalo limeshampata. Nabii gani alipewa hivyo kwa shilingi mia tano? Ila siku kelele ile inapotoka kwa watani na sisi ndio tunaoshambuliwa, unabii unageuka mzigo, na wapo wanaotoka nje wasione wanachokijua.

Uwanjani huwezi kutafutwa na nyumba yako. Kibandani inakufuata. Juzijuzi, mechi ikiwa dakika ya 70 na kitu, matokeo sare, mlango ulifunguliwa akaingia mtoto wa miaka sita hivi, akasimama mbele ya runinga, akatafuta uso anaoujua. "Baba, mama anasema unga umekwisha, na umeondoka na hela." Kibanda kizima kikacheka. Kisha kikanyamaza chote kwa pamoja, kama mtu mmoja, kwa sababu kila aliyekuwamo alikumbuka kwake. Baba mtu akajipapasa, akatoa noti, mtoto akaondoka. Mpira ukaendelea. Hakuna jukwaa la VIP duniani lenye uaminifu wa namna hiyo.

Wenzetu Waingereza, ambao ligi yao tuliifahamu humu humu vibandani kabla ya kuwa na king'amuzi nyumbani, waliwahi kukasirikia bei kwa mtindo wao. Tarehe 6 Februari 2016, Liverpool walikuwa nyumbani Anfield, wakiongoza mabao mawili. Wenye klabu walikuwa wamepanga tiketi ya bei ya juu kabisa iwe pauni 77 msimu uliofuata. Ilipofika dakika ya 77, maelfu ya mashabiki wakanyanyuka wakaondoka. Wageni wao siku hiyo walikuwa Sunderland, jina walilolitumia Simba wetu hadi mwaka 1971, na wakasawazisha yote mawili kabla ya filimbi. Siku nne baadaye wenye klabu wakaomba radhi na kuifuta bei ile.

Habari hii hunipa wivu, lakini nikikaa benchini naona sisi tumewapita. Wao walitoka dakika ya 77. Sisi tulitoka kabla ya dakika ya kwanza, kimyakimya, mmoja mmoja, wa Gongo la Mboto kwa siku yake na wa Mbagala kwa siku yake, na hakuna aliyetuomba radhi kwa sababu hakuna aliyetuona tukitoka. Halafu, ukitaka kufanya mgomo wa kunyanyuka kibandani, utapita wapi? Kuna magoti ya watu kumi na wawili kati yako na mlango.

Ukosefu wa fedha nao una busara yake, na siku niliyouheshimu rasmi ni tarehe 8 Machi 2025. Watani wa jadi walikuwa wakutane usiku. Watu walikuwa wameshasafiri kutoka mikoani, wamelala kwenye mabasi, wamelipia na gesti. Siku hiyo hiyo ya mechi Bodi ya Ligi ikatangaza kwamba mchezo umeahirishwa; Simba walikuwa wamesema hawatacheza baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Ulikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda mawili bila. Aliyetoka Mwanza alirudi Mwanza. Mimi nilirudi nyumba ya saba, na mwenye kibanda, muungwana, akatuwekea filamu ya Kihindi kwa mia tano ile ile. Mfuko mtupu ulikuwa umeniepusha na hasara ambayo wenye fedha waliilipia taslimu.

Wasemaji wa klabu hawakipendi kibanda. Kila wiki ya mechi hupanda kwenye gari la matangazo wakatuita mchezaji wa 12, wakatuapia kwamba timu bila sisi ni yatima. Ni maneno matamu na huniliza. Lakini wachezaji 11 wale wengine huingia uwanjani wakiwa wanalipwa, na wa 12 ndiye pekee anayekatiwa tiketi. Tena anaambiwa asipokuja timu ikifungwa kosa ni lake. Kibanda hakijawahi kuniita. Kinajua nitakuja.

Nisikifiche kasoro zake, maana mpenzi wa kweli huzijua. Umeme hukatika, na una jicho la kuchagua dakika: haukatiki mpira ukiwa wa kurudishiana nyuma, unangoja penalti. Hapo mwenye kibanda hukimbilia jenereta, na sisi gizani tunapiga penalti ile kwa mdomo, kila upande unafunga wake. Siku moja taa zilirudi tukakuta wachezaji wanapeana mikono, na hadi leo wapo wazee wawili wa mtaani kwetu wasiosalimiana kwa sababu ya bao ambalo hakuna kati yao aliyeliona.

Jenereta hilo, hata hivyo, linakunywa petroli, na petroli ina Jumatano zake. Mwezi uliopita tulikuta ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki: mechi kubwa 1,000. Tukaguna.

"Bosi, hata wewe?"

"Mjomba," akasema, "kifurushi kimepanda, mafuta yamepanda, pango limepanda. Nibaki mimi chini peke yangu, niwe nani?"

Hatukuwa na jibu. Wengine wakatoa, wengine tukasogea pembeni tukajifanya tunaongea na simu. Ndipo nilipozunguka nyuma ya kibanda nikagundua kwamba bati la kona limeliwa na kutu, na tundu lake liko usawa wa jicho la mtu mzima aliyeinama kidogo. Runinga inaonekana karibu yote, isipokuwa kona ya matokeo. Upepo upo. Jamaa mwenye kofia hayupo. Nikainama, nikaanza kutunga moyoni sifa za tundu.

Nikaguswa begani. Alikuwa kijana mmoja, jezi ya watani mwilini, sarafu zinalia mkononi.

"Shikamoo mzee. Hapo ni mia mbili kwa kipindi."