Fahali na Wenye Uwanja

Bondeni kuna uwanja wa raga. Wenyewe ni sita: Simba, Jogoo, Joka Jekundu, Mbwa Mwitu na majirani wawili wasio na makuu. Kila Februari hufunga lango, wakacheza wao kwa wao, wakauza tiketi na haki za televisheni, wakagawana mapato. Lango hufunguliwa Machi ikiisha, pakiwa hapana tena cha kugawana.

Mlimani, kule Georgia, aliishi Fahali. Kwao kusukumana hakukuanza na raga. Siku ya Pasaka, watu wa Shukhuti ya juu na wa Shukhuti ya chini hugombea mpira uliojazwa udongo, wa kilo 16 hivi. Mchezo wenyewe huitwa lelo. Aliyekulia humo ukikutana naye kwenye skramu, heri usukume ukuta.

Fahali alikuwa akiwapiga majirani zake wa daraja la pili karibu kila mwaka kwa zaidi ya muongo mzima, hata ushindi ukamchosha. Akashuka bondeni, akabisha hodi. Kobe, karani wa lango, akachungulia.

"Hujakomaa, mwanangu."

"Nitakomaaje, mzee?"

"Kwa kucheza na wakubwa."

"Basi nifungulie."

"Tunawafungulia waliokomaa."

Hekaya za wanyama kwa kawaida hazina tarehe. Hii inazo kwa sababu Fahali alikuja na daftari. Akasoma: Mbwa Mwitu alikaribishwa mwaka 2000, na kabla yake wenye uwanja walikuwa watano. Kati ya 2015 na 2022 alipoteza mechi 36 mfululizo za mashindano haya, na kiti chake hakikuguswa. Julai 2022, mjini Batumi, Fahali alimfunga 28 kwa 19. Novemba akamfuata Joka nyumbani kwake Cardiff, akamshinda 13 kwa 12.

"Pointi moja tu," Kobe akaguna. "Na Kombe la Dunia la 2023 ulitoka sare na Dagaa, 18 kwa 18."

Kweli tupu, na Fahali hakukana. (Dagaa ni Ureno. Wiki mbili baadaye aliishinda Fiji, lakini hilo Kobe hakuwa ameliandika.)

Fahali akaenda kwenye baraza la raga la dunia, ambako wakubwa wana kura tatu tatu na yeye anayo moja. Baraza likamwambia uwanja ni mali ya wenyewe, haliwezi kuingilia. Akarudi kwa wenye uwanja. Wakamwambia mambo ya maendeleo ya mchezo hushughulikiwa na baraza. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba mashindano yana hadhi yake na mtu asiharakishe ni Mbwa Mwitu.

Oktoba 2023 baraza likatangaza mashindano mapya ya 2026: viti 12 juu, sita vya bondeni na sita vya ng'ambo. Japani na Fiji wakaitwa. Fahali akapangiwa daraja la chini, na ngazi ya kupandia ingewekwa 2030.

Kobe akampelekea mwenyewe barua ya uamuzi huo, akampa na hongera.

"Kuna jambo jingine," akasema. "Simba anakuomba mazoezini Jumanne, kama alivyokuita 2018 na 2019. Vijana wake hawana wa kusukumana nao kwenye skramu."

"Nipitie lango lipi?"

"La nyuma. Na jezi uje nayo."