Ukishindwa Kuitikia, Punguza Mwendo

Hongera, ndugu, kwa raba mpya. Umeshatangaza kwenye grupu la ukoo kwamba mwakani unakwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, na shangazi zako wamekujaza dua na makofi. Kabla hujatoka getini, soma kwanza maelekezo haya, maana kwa mori ulio nao utakata kona ya kwanza kwa kasi ya Filbert Bayi na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Bayi aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho kule Christchurch mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwili wake ulikuwa umeandaliwa kwa miaka. Wako, kwa sasa, umezoea kiti cha daladala.

Habari njema ni kwamba kipimo cha kasi unacho tayari, wala hakihitaji saa ya bei mbaya. Umekifahamu tangu shuleni, alfajiri, kwenye mchakamchaka: mmoja anaimba, wengine wanaitikia, miguu inakwenda. Klabu za joging za Dar es Salaam zinaendelea hivyo hivyo kila wikiendi. Anayeweza kuitikia anakimbia kwa mwendo ambao moyo na mapafu vinamudu kuilisha misuli hewa yake. Anayejibu kwa kuhema tu amezidisha. Basi chagua wimbo. Ukikata pumzi kabla ya kiitikio, tembea, na utembee kifua mbele hata kama jirani anakuchungulia dirishani. Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42.195 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, hutumia sehemu kubwa ya mazoezi yake kwenye mwendo mwepesi. Kama yeye haoni haya kwenda taratibu, wewe unamkimbilia nani?

Ratiba yenyewe ni fupi. Siku 3 kwa wiki, na kati ya siku na siku pumzika. Tembea haraka dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na utembee dakika 2, urudie mara 8. Kila wiki ongeza kukimbia kidogo na upunguze kutembea kidogo. Wiki ikiwa ngumu, irudie, hakuna mwalimu atakayekuandika jina. Watu wengi hufikia dakika 30 mfululizo baada ya miezi 2 au 3.

Hatari kubwa haiko kwenye wiki ya kwanza, unapolalamika kila hatua. Iko kwenye wiki ya nne au ya tano, pumzi inapofunguka na unaanza kujisikia huwezi kuguswa. Moyo hujifunza haraka. Ndani ya wiki chache unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kano na mifupa huhitaji miezi. Mfupa unaposhtuliwa na kazi mpya, chembe zake hukwangua kwanza sehemu ya zamani ndipo zijenge mpya, na katikati ya shughuli hiyo mfupa unakuwa dhaifu kwa muda. Wakati huo huo kila hatua unayokimbia inauangushia mguu mmoja uzito wa mara 2 hadi 3 ya mwili wako, na kilomita moja ina hatua zaidi ya 1,000. Kwa hiyo wiki ile unapotamani kuongeza kilomita maradufu, ndiyo wiki ya kukaa na ratiba yako na kuwanyima shangazi habari mpya.

Misuli inayobeba mzigo huo nayo inataka kazi yake. Chai ikiwa jikoni, simama kwenye ukingo wa ngazi, nyanyua visigino na uvishushe polepole mara 15. Kisha chuchumaa na kuinuka mara 10. Fanya hivyo mara 2 kwa wiki. Raba za mtumba zinafaa, mradi zisikubane na soli isiwe imelika upande. Na Dar kimbia kabla jua halijachomoza, kwa kuwa joto litakupandisha mapigo ya moyo hata ukienda kwa mwendo wa harusi.

Maumivu nayo yana lugha mbili. Mapaja yote mawili yakikaza kesho na keshokutwa, huo ni uchovu wa misuli, utaisha. Lakini ukiweza kuweka kidole kimoja kwenye muundi na kusema "hapa hasa", na pakazidi kuuma unapokimbia au hata usiku umelala, acha kukimbia na umwone daktari. Huenda mfupa umepata ufa, na dawa ya kuchua haiungi ufa. Najua utanitajia John Stephen Akhwari, aliyeanguka Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, na bado akaingia uwanjani wa mwisho mguu ukiwa na bandeji. Namheshimu kwa moyo wangu wote. Yeye alikuwa kwenye Olimpiki, na wewe uko kwenye Jumanne. Pumzika hadi daktari akuruhusu, kisha anza upya na dakika 1 ya kukimbia na 2 za kutembea.