Sifa za Tope la Kigwa

Wanaosifu barabara husifu lami, ingawa lami haijawahi kumfunza mtu adabu. Mimi nalisifu tope jeusi la mbugani, hili la njia za Kigwa, mashariki ya mji wa Tabora, ambalo mvua za Novemba hulikabidhi madaraka mpaka Aprili.

Kwanza, halina upendeleo. Mwalimu mwenye baiskeli mpya ya Phoenix na mchoma mkaa mwenye gunia kwenye keria huteremka mahali palepale. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu hugoma kama punda aliyeona daraja, na desturi ya dunia hupinduka: kiangazi mtu aliipanda baiskeli, sasa baiskeli yampanda mtu. Wajuzi hung'oa madigadi mapema. Malipo yake ni mstari mweusi kutoka kiunoni hadi kisogoni, nishani ambayo hakuna serikali iliyowahi kuitoa kwa haki kiasi hicho.

Pili, hutufundisha kusema kweli kwa ufupi.

"Shikamoo mzee. Njia inapitika?"

"Marahaba. Inapitika, mwanangu, ukiwa na bega."

Fundi baiskeli hulishukuru kuliko sote. Gololi husagika, cheni hukatika, naye chini ya mwembe wake hana haja ya kutafuta wateja. Wanamjia wenyewe, wamebeba vyombo mabegani.

Tena lina nasaba. Reli ya Kati iliingia Tabora mwaka 1912 ikakuta tope lina cheo cha siku nyingi. Kigwa palikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe. Wavumbuzi wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakaingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, mvua zikiwa mlangoni. Walikuwa na bahati. Stanley naye alipita Juni 1871, njia kavu, lakini masika yalikuwa yamekwisha kumwandama kule nyuma kwenye kinamasi cha Makata. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakujaribu ushujaa wa namna hiyo. Walibeba pembe kwenda pwani wakati wa kiangazi, wakapenda kurudi mvua zinapoanza ili washike jembe. Mgeni mwenye haraka aliuona huo kuwa ukaidi. Aliyewahi kusukuma baiskeli Februari anaijua hiyo ratiba, na anajua nani aliyeipanga.

Wanaolitukana wanakula wali. Udongo huu ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka; kilekile kinachong'ang'ania tairi ndicho kinachozuia maji yasitoroke kwenye majaruba ya mpunga. Linganisha na mchanga wa kiangazi, ambao humzamisha mpanda baiskeli, haumshiki, wala haulimiki mpunga. Huo sina la kuusifia.

Nasikia wapo wanaotaka njia zote hizi zichongwe na kumwagwa kifusi. Sipingi maendeleo. Naomba tu greda lije Machi, mvua ikiwa imekolea, lishuke mbugani na dereva wake aliyevaa viatu safi. Likikwama, vijana tupo, kamba tunazo, na bei ya kulisukuma tutapatana papo hapo, kabla hatujaligusa.