Kutoka Sita Hadi Moja: Maabara ya Kwenye Skrini Ikifika Butiama

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wazazi tukachanga, kuta zikasimama. Vifaa tunaendelea kuviulizia. Mwaka 2002 huko Colorado, Carl Wieman, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla, alikuwa ameshaanzisha PhET: maabara za bure unazozichezea kwenye kompyuta. Zikitua Butiama, mkoani Mara, haya ndiyo ninayoyasubiri.

6. Kuunguza betri bila kuitiwa mzazi. Kwenye PhET ukiunganisha nyaya vibaya, betri inawaka moto palepale. Unafuta, unaanza upya. Kwa darasa linalogombea amita moja, hiyo ni neema.

5. Newton kusema Kiswahili. PhET ina tafsiri za Kiswahili, tena nzuri kuzisoma. Tatizo mtihani wa kidato cha nne ni wa Kiingereza: Newton ataelewa, mwanafunzi ataelewa, msahihishaji ndiye wa kubembelezwa.

4. Kusahau bando. Unapakua mara moja ukiwa Musoma mjini, unaweka kwenye flashi, unapanda gari. Flashi ikija na virusi, mwalimu wa baiolojia naye kapata mada.

3. Kuhesabu nyumbu wetu wenyewe. Hapa naumia kidogo. Tangu 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera zaidi ya 200 Serengeti, picha zikawekwa mtandaoni, na watu wa dunia nzima wakajitolea kutambua wanyama. Kuna mtu London anawajua fisi wetu kwa sura akiwa kitandani, na mtoto wa Bunda, jirani wa hifadhi, hajawahi kuulizwa. Wakati somo lenyewe ni la nyumbani: mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000, ng'ombe wa vijijini wakachanjwa sotoka, ugonjwa ukawaachia nyumbu pia, na kabla ya 1980 walishapita milioni moja. Tia hesabu hiyo kwenye kompyuta, ondoa chanjo, uone nyumbu wanavyopungua. Ila mzee wa Mara akijua kuwa ng'ombe wake ndio waliowaponya nyumbu, atadai mgawo wa viingilio vya watalii.

2. Kumfuatilia mnyoo wa kichocho. Chris Dede na wenzake wa Harvard walitengeneza River City, mji wa kwenye kompyuta wa karne ya 19 ambako wanafunzi walipeleleza kwa nini wakazi wanaugua: walipima maji, walihoji watu, walibuni jaribio. Sisi mji hatuhitaji kuubuni. Ziwa lipo, konokono yupo, mtoto anayeogelea yupo, na yupo pia yule bwana aliyeona choo kiko mbali. Yai la mnyoo linaanguliwa majini, kijidudu kinaingia kwa konokono, kinazaana humo, kisha vinatoka vingi na kupenya ngozi ya mwogeleaji. Safari hiyo hakuna mchoro wa ubaoni unaoionyesha ikitembea. Butiama ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Vijana wake watutengenezee mchezo huu, na yule bwana wamwekee sura asiyoweza kuikana.

1. Mwalimu mwenye swali. Wengi tunamkumbuka Nyerere kwa siasa na bao. Alipotoka Makerere alifundisha baiolojia St. Mary's, Tabora. Mwalimu wa aina hiyo skrini haimrithi: haina harufu ya amonia, wala haimfundishi mtu kushika bomba la kioo bila kulivunja, kwa hiyo kuta zile bado zinadai vifaa vyake. Na bila mtu wa kuuliza "kwa nini imewaka?", betri ya PhET ni fataki tu.

Wakuu wa shule, ile kompyuta ya ofisini iliyofunikwa kitambaa cha kufuma: ifunueni, ipelekeni darasani.