"A" Ndogo, Kero Kubwa

Wageni wanaojifunza Kiswahili hulia na ngeli, na mimi huwa nawacheka. Nitaacha. Tangu mpwa wangu aingie Kidato cha Kwanza na kuhamia kwangu na madaftari yake, naona Waingereza walishatulipizia kisasi zamani, tena kwa herufi moja tu: "a".

Kitabu chake kinasema neno likianza na irabu, weka "an". Likianza na konsonanti, weka "a". An egg, a mango. Safi. Halafu zoezi linaleta university.

"Mjomba, U si irabu?"

Ni irabu, mama, lakini ni a university, kwa sababu mdomoni inaanza na "yu". Na hour je, H si konsonanti? Ni konsonanti, ila hiyo imeandikwa tu, haitamkwi. Kwa hiyo ni an hour. Kumbe kanuni ni ya sikio, si ya jicho, na kitabu hakikuona haja ya kumwambia hivyo mtoto aliyezoea kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosomwa! Mchukue mbunge. Ukimwandika kwa kirefu, member, anapewa "a". Mfupishe awe MP, anadai "an", maana sasa anaanza na "em". Mheshimiwa ni yuleyule, jimbo lilelile, posho ileile.

Kuna mahali haitakiwi kabisa. Meza ina "a", kiti kina "a", kabati lina "a". Vipakie vyote kwenye kirikuu uviite furniture, "a" inashukia njiani. Advice nayo haihesabiki. Ukitaka ushauri mmoja unakatiwa a piece of advice, kipande, kama muhogo. Na usiombe uchanganye few na a few. I have few friends ni mpweke anayejililia. I have a few friends ni mtu mwenye wa kunywa nao kahawa.

Waingereza wenyewe nao hawakuwa makini kihivyo. "An" ndiyo ilitangulia, ikiwa na maana ya moja, kisha N ikadondoka mbele ya konsonanti. Katika vurugu hiyo aproni, ambayo zamani iliitwa napron, ikaporwa N yake halali: a napron ikasikika an apron, na mpaka leo haijarudishiwa.

Tena mwaka 1969 Neil Armstrong alikanyaga mwezi, akatamka sentensi yake maarufu, kwamba hiyo ni hatua ndogo kwa mtu mmoja, hatua kubwa kwa wanadamu, na "a" iliyopaswa kukaa kabla ya man haikusikika. Mwenyewe alishikilia kwamba alikusudia kuisema. Bila hiyo, man inageuka binadamu wote, kwa hiyo hatua ndogo na hatua kubwa zikawa zote za watu walewale. Wataalamu wameikalia kanda ile wakitafuta herufi moja. Hakuna aliyemkata alama.

Mpwa wangu kakatwa. Kaandika my uncle is tailor, kalamu nyekundu ikapita: a tailor. Eti lazima. Sasa kwetu ukimtaja mtu kuwa "fundi mmoja hivi", msikilizaji anajua kuna suruali ya Idi iliyokabidhiwa siku ya Maulidi. Mimi nguo za watu natoa kwa wakati.